Picha 63 za maporomoko ya Sanje, 41 zina ukungu katikati. Ni kamera, ni maji au ni mimi?

#1 Kadi Imejaa
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Udzungwa, njia ya Sanje. Nililala Mang'ula, saa moja na nusu asubuhi tukaanza kupanda na mwongozaji, saa nne nikawa nimesimama mbele ya maji. Nimepiga picha 63. Kufika nyumbani nazimwaga kwenye kompyuta: 22 safi, 41 zina ukungu. Siyo picha nzima. Ni wingu jeupe kama sahani, limekaa katikati kwa chini kidogo, kingo zake zinayeyuka taratibu. Kwenye kioo cha kamera kule porini sikuliona.

Kamera ni DSLR ya mitumba na lenzi yake ya 18-55. Tripodi ya kuazima. Filta ya kiza (ya kupunguza mwanga) nilinunua kwa jamaa mmoja mjini, aliniapia kwa mama yake kwamba ni kioo halisi. Maji niliyapiga kwa sekunde mbili mbili ili yatoke kama hariri.

Naomba msaada kabla sijampelekea fundi hela.

#2 Mpita Kushoto
Tunajadili picha bila picha? Weka mzigo.

#3 Kadi Imejaa
Hiyo hapo, namba 17. Ndiyo mbaya kuliko zote.
[picha_17.jpg]

#4 Bi Shangwe
Kwanza tuelewane, ukungu upi? Wa asubuhi au wa mkate? Kiswahili kimetupa neno moja kwa majanga mawili.

Kama ni wa mkate, lenzi yako inaliwa. Itoe kwenye kamera, fungua tundu lote la kupitishia mwanga, mulika tochi ya simu kwa nyuma halafu tazama kwa mbele ukiinamisha kidogo. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, pole. Ya mitumba imekuja na wageni wake.

#5 Mtoto wa Kidatu
Mkuu ulienda mwezi huu wa nane? Basi huo ni moshi. Huku sasa hivi miwa inachomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi yanatua mpaka kwenye nguo tulizoanika. Bonde lote la Kilombero linakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

#6 Kadi Imejaa
@Mtoto wa Kidatu moshi gani unakaa duara katikati ya picha tu, halafu pembeni kunabaki kweupe pe?

#7 Mtoto wa Kidatu
Moshi wa kwetu una adabu.

#8 Yakhe wa Zigi
Hilo ni jua limekuingia kwenye lenzi, mwanangu. Ulilielekea. Mimi napiga sana msitu wa Amani huku Tanga, mto Zigi pale chini karibu na geti, ukisimama vibaya mwanga unapenya kwenye upenyo wa matawi unakupiga usoni, picha inakuwa kama imemwagiwa uji. Siku nyingine vaa ile kofia ya lenzi au ziba kwa kiganja.

#9 Mtoto wa Kidatu
Yakhe, hapo hapana. Sanje inatazama mashariki, kwenye bonde la miwa. Saa nne asubuhi ukiangalia maji, jua liko mgongoni kwako. Labda alipiga kwa kisogo.

#10 Yakhe wa Zigi
Haya, nimerudi nyuma hatua moja. Basi naleta la pili. Ulilala kwenye kiyoyozi?

#11 Kadi Imejaa
Feni tu, tena ya kupepesuka.

Ila... nilibeba chupa mbili za maji ya barafu, yale yanayogandishwa kwenye friji usiku kucha. Begi moja na kamera. 😬

#12 Yakhe wa Zigi
Ndiyo hayo! Umeweka lenzi kwenye jokofu halafu umeitoa kwenye hewa ya msituni iliyolowa. Kioo kikiwa baridi kuliko hewa, umande lazima ukae. Mimi huwa nauona umeanzia katikati ya kioo. Ukifuta unarudi. Dawa yake ni kukaa dakika ishirini, thelathini, begi limefungwa, vitu vyote vipate joto moja. Wewe ulifika ukaanza kupiga.

#13 Mzee wa Studio
Nimesoma wote. Nimefanya kazi ya studio Morogoro tangu 1984 mpaka simu zilipotufungia, kwa hiyo kuhusu ukungu wa aina zote mbili nina shahada ya maumivu.

Bi Shangwe, fangasi akiwa ndani hafanyi sahani katikati. Anapunguza makali ya picha yote, weusi unakuwa kijivu, kama unatazama dirisha ambalo halijaoshwa toka Idi iliyopita. Nilikuwa na lenzi ya milimita 135, nikaifungia kwenye mkoba wa ngozi masika nzima. Nilipoifungua ilikuwa na maua ndani, mazuri kuliko yoyote niliyowahi kupiga. Nikaiuza kwa bei ya betri.

Tangu hapo nikawa na kabati dogo lenye balbu ya wati 15 inayowaka mchana na usiku. Joto kidogo tu, unyevu unakimbia.

#14 Bi Shangwe
Shikamoo mzee. Siku hizi mtu akifuata hiyo anafunga balbu ya LED, kabati linawaka kama disko na fangasi wanacheza humo humo, maana joto lake ni dogo mno. Bora vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu, kwenye boksi la plastiki linalobana.

#15 Mpita Kushoto
Mchele je? Mimi simu ikilowa naifukia kwenye mchele.

#16 Mzee wa Studio
Marahaba Bi Shangwe, hilo la LED umenifumbua.
Mpita Kushoto, mchele una vumbi la wanga. Lenzi utaikuta inahitaji nazi tu iwe pilau.

#17 Nusu Sekunde
Samahani, mmeruka swali kubwa: filta ya kiza msituni ilikuwa ya nini?

Fuatana nami. Juani kweupe, tundu la lenzi f/16 (namba kubwa, tundu dogo) na ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), shata inafunguka kama sekunde 1/100. Chini ya msitu mnene wa mvua mwanga unaofika ardhini ni kama asilimia 1 au 2 tu. Chukua 2. Hiyo ni mara hamsini chini, kwa hiyo 1/100 inakuwa nusu sekunde. Nusu sekunde tayari maji ni hariri! Sekunde mbili unaua hata umbo la maji, unabaki na shuka limeanikwa. Na tazama namba 17, majani yote yamefifia, upepo wa maporomoko umeyatikisa muda wote shata ikiwa wazi.

Sasa ukiongeza filta ya bei rahisi mbele ya lenzi, mwanga unadunda kati ya sensa (kile kinachonasa picha ndani ya kamera) na mgongo wa filta, unatua kama doa jeupe. Hilo ndilo sahani lako. Ningekuwa wewe ningeanza kwa kuitupa.

#18 Kadi Imejaa
@Nusu Sekunde pale kwenye maji si chini ya msitu, ni wazi, mbingu inaonekana. Bila filta kwa f/16 nilipata 1/80, maji yanaonekana kama chumvi imemwagwa. Ndiyo maana nikaivaa. Kule njiani chini ya miti sikuitumia. Na kweli, zile 22 safi karibu zote ni za njiani: mbega wekundu, uyoga, mizizi, na kima mmoja aitwaye kipunji aliyenipa mgongo.

#19 Mtoto wa Kidatu
Kipunji?? Mkuu hujaona kipunji. Kipunji wa Udzungwa yuko Ndundulu, upande mwingine kabisa wa milima, na wengine wako Rungwe huko Mbeya. Alitambuliwa na wanasayansi juzi juzi tu, 2003 na 2004. Uliyemuona Sanje ni mangabei wa Sanje, kima mwingine, yule wa kijivu mwenye nywele za kusimama. Naye hakuingia kwenye vitabu mpaka 1979, wakati wazee wetu walikuwa wanamfukuza kwenye mahindi miaka yote.

#20 Kadi Imejaa
Nimepokea. Mwongozaji aliniambia, mimi nikasikia ninachotaka.

#21 Mpita Kushoto
Maporomoko yenyewe mita 300 nasikia?

#22 Mtoto wa Kidatu
Kama 170, tena kwa ngazi tatu. Hiyo 300 ni ukihesabu na njaa ya kupanda.

#23 Nusu Sekunde
Tusitoke. Kuna njia ya kuhukumu filta. Doa la kudunda huwa linakaa upande wa pili wa kitu king'avu, ukipitia katikati ya picha. Kinachong'aa kikiwa juu kushoto, doa linakuja chini kulia. Kwenye 17 maji meupe yako juu katikati, doa liko chini katikati. Sina la kuongeza.

#24 Mtu wa Isecheno
Salamu kutoka Kakamega. Huku kwetu msituni mvua ni ya kila alasiri karibu, kwa hivyo tumezoea vitu vyote kulowa, hata matumaini.

Mimi naona hakuna aliyetaja rasharasha. Maporomoko yanapuliza upepo wenye maji. Nikiwa kwenye maporomoko ya Isiukhu nasimama mbali kabisa na bado baada ya dakika mbili kioo kiko na vitone. Na ukifunga tundu hadi f/22 vile vitone vinaonekana zaidi, ukifungua f/5.6 vinapotea. Bwana alifuta kioo na nini?

#25 Kadi Imejaa
Tisheti.

#26 Mtu wa Isecheno
Tisheti uliyopanda nayo mlima?

#27 Kadi Imejaa
Hiyo hiyo.

#28 Mtu wa Isecheno
Basi ulipaka jasho, mazee. Kidole kinasugua katikati kwa duara, pembeni hakifiki. Unapata sahani safi kabisa ya mafuta.

#29 Bi Shangwe
😂😂 Kesi imefungwa, mshtakiwa ni kwapa.

#30 Mwewe wa Mgeta
Haijafungwa. Nauliza kitu kimoja: wakati picha inapigwa, jicho lako lilikuwa wapi?

#31 Kadi Imejaa
Nilitumia taima ya sekunde mbili nisitikise. Nabonyeza, nasogea pembeni, nakaa juu ya jiwe nisubiri.

#32 Mwewe wa Mgeta
Nilijua. Kwenye DSLR, kile kitundu cha kuchungulia ni mlango. Ukiwa umeweka jicho, kichwa chako ndicho pazia. Ukisogea, mwanga unaingia kwa nyuma, na hata kioo cha ndani kikiinuka, kidogo cha mwanga ule kinaweza kupenya pembeni yake hadi kwenye sensa. Kwa 1/80 hauna muda wa kudhuru. Kwa sekunde mbili, na mbele umeweka filta inayopunguza mwanga halali, huu wa wizi unaonekana wazi. Na Kidatu ameshatuambia jua lilikuwa wapi: mgongoni. Yaani limeingia moja kwa moja kwenye kitundu.

Angalia mkanda wa kamera yako. Kamera nyingi zina kipande cha mpira cheusi kimening'inizwa pale, watu wanafikiri ni pambo. Ndicho kifuniko.

#33 Kadi Imejaa
Subirini.

Kipo. Miaka miwili nakitumia kuchokonolea kucha.

#34 Mzee wa Studio
Mwewe amesema neno. Ila mimi mwanga wa nyuma niliouona mara nyingi huja kama mstari au ukungu wa kulalia upande mmoja, si sahani. Siapi.

#35 Siafu Alinipita
Mimi naongezea tu kisa, si jibu. Nilikuwa Udzungwa hapo hapo, kijito kidogo chini ya njia, napiga sekunde 30 jioni. Sekunde ya nane nikahisi kitu kisigino. Ya kumi na mbili kikafika gotini. Nimesimama katikati ya barabara ya siafu. Nikajiambia vumilia, picha nzuri ina gharama. Ya ishirini nikavua suruali. Ile picha ninayo mpaka leo, maji hariri, mawe makali, na kulia kuna kivuli cha mtu anayeruka. Mwongozaji alicheka hadi akakaa.

#36 Mpita Kushoto
Na yenyewe hujaiweka. Uzi huu una watu wabahili.

#37 Siafu Alinipita
Mke wangu yupo humu.

#38 Yakhe wa Zigi
Mie nasema bado ni barafu. Kadi, muda wa picha umeandikwa ndani ya faili. Tuambie ya kwanza yenye ukungu ilikuwa saa ngapi na ya mwisho saa ngapi. Kama ni umande, ungekuwa mzito mwanzo kisha unapungua. Umande haukai saa nzima.

#39 Kadi Imejaa
Nimefungua faili zote, imenichukua jioni nzima.

Ukungu wa kwanza ni saa 4:09. Wa mwisho 5:02. Ule wa kwanza ni mzito, 17 ni ya 4:14. Kufika saa tano umekuwa mwepesi. Hapo Yakhe anapata.

Lakini jua nalo lilikuwa linapanda, saa tano halikuwa tena mgongoni moja kwa moja, lilikuwa utosini. Hapo Mwewe anapata.

Na kuna namba 52 inanisumbua. 1/200, hakuna sekunde mbili hapo, na nakumbuka nilikuwa nimechungulia. Ina ukungu, hafifu lakini upo, mahali pale pale.

#40 Mwewe wa Mgeta
1/200 mwanga wa nyuma hauwezi. Filta ulikuwa umeivaa?

#41 Kadi Imejaa
Hapana. Nadhani. Nilikuwa nimemshikisha mwongozaji.

#42 Nusu Sekunde
Kwa 1/200 ungekuwa umeitoa, au umepandisha ISO. Angalia ISO.

#43 Kadi Imejaa
ISO 1600.

#44 Nusu Sekunde
Basi ilikuwa imevaliwa, ndugu. Mtu hapigi maji meupe juani kwa ISO 1600 bila filta.

#45 Bi Shangwe
Au alisahau kuishusha ISO kutoka kwa mbega chini ya miti. Mimi nasahau kila safari. f ngapi?

#46 Kadi Imejaa
f/22. Na picha yenyewe imeng'aa kupita kiasi.

#47 Mtu wa Isecheno
f/22! Nilisema. Vitone vya mafuta ya tisheti vinaonekana zaidi tundu likiwa dogo. Jasho ndilo liko kwenye picha zote, na filta, bila filta, sekunde mbili, 1/200.

#48 Nusu Sekunde
Alifuta filta au lenzi? Maana kama alifuta filta, halafu 52 haina filta, jasho lako limeruka vipi?

#49 Kadi Imejaa
Vyote viwili. Ilikuwa inanyunyiza jamani.

#50 Mpita Kushoto
Hiyo rasharasha mngewaachia vyura wa Kihansi.

#51 Mtoto wa Kidatu
Usicheke. Kihansi ni milima hii hii, kusini. Yule chura aliishi kwenye mvuke wa maporomoko tu, eneo kama shamba la mtu. Alijulikana 1996, bwawa la umeme likaanza 2000, mvuke ukakata. 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliobaki ni wale karibu 500 waliopelekwa Marekani, na kuanzia 2012 wakarudishwa, wamewekewa mabomba ya kunyunyiza.

#52 Mpita Kushoto
Najua habari zake, nilidhani ni wa kwenye hotuba tu.

#53 Siafu Alinipita
Kuna mtu amewahi kumpiga picha?

#54 Bi Shangwe
Ana kama sentimita mbili, na anazaa watoto kamili badala ya mayai. Hapo unahitaji lenzi ya makro, siyo 18-55 yenye jasho. Halafu kule hauingii tu kama sokoni.

#55 Kadi Imejaa
Mrejesho wakuu. Nimefanya majaribio nyumbani.

Tochi kwanza: kuna nyuzi mbili tatu, ukingoni kabisa, katikati safi. Kwa hiyo Bi Shangwe yupo sahihi nusu.

Halafu nikaweka kamera bafuni, bomba linatiririka, sekunde mbili, filta, dirisha mgongoni. Bila kifuniko cha mpira: ukungu upo! Siyo sahani sana, ni kama shuka, lakini upo. Nikaweka kifuniko: umepungua. Haujaisha. Nikafuta filta kwa kitambaa cha miwani na spiriti: umepungua tena. Nikawa naitoa filta nijaribu bila, wingu likafunika jua dirishani, na nilipokuwa nasubiri lipite mama mwenye nyumba akaja kuuliza kwa nini maji yanamwagika dakika arobaini.

#56 Mwewe wa Mgeta
Umepungua na kifuniko. Nashukuru.

#57 Mtu wa Isecheno
Umepungua na kufuta. Asante.

#58 Nusu Sekunde
Haukuisha hadi alipotaka kutoa filta. Nasubiri.

#59 Yakhe wa Zigi
Na bafuni hapakuwa na barafu, kwa hiyo langu halijajaribiwa. Ngoja uweke chupa.

#60 Kadi Imejaa
Mama mwenye nyumba amesema bili ya mwezi huu naigusa mimi. Jaribio lijalo ni Sanje kwenyewe, Oktoba kabla ya mvua. Bila barafu, na mpira, kitambaa, na filta ya kuazima ya mtu mwingine.

#61 Mzee wa Studio
Ukibadilisha vinne kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokuponya. Badilisha kimoja kimoja.

#62 Kadi Imejaa
Mzee, nauli ni moja.

#63 Anayesoma Kimya
Mimi si mpiga picha, nimesoma uzi wote kwa ajili ya siafu. Swali dogo. Kwenye ile 17, mbali na hilo sahani, kulia, juu ya jiwe lenye kuvu. Nusu Sekunde alisema majani yote yamefifia kwa upepo, na kweli yamefifia. Sasa mbona lile moja limetoka kali hivyo, mpaka mikunjo yake naiona?

#64 Nusu Sekunde
Hilo limekaa nyuma ya jiwe, upepo haulifikii.

#65 Anayesoma Kimya
Liko juu ya jiwe, kaka. Tazama tena.

#66 Kadi Imejaa
Nimelikuza mpaka zimebaki nukta nukta.

Lina jicho.